Njiti wetu ana maambukizi, dada kaleta matone ya zinki na chuma: tumpe au tusimpe? (Tanga)

BabaNjiti_Makorora (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Naomba wenye uelewa wanisaidie, maana nyumbani hatulali kwa mabishano.

Mke wangu amejifungua kabla ya wakati, wiki 31 kwa hesabu ya kliniki, mtoto ana kilo 1.4. Yupo wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja hapa Tanga, sitaitaja. Alianza vizuri, ananyweshwa maziwa ya mama yake kwa mrija. Baadaye akaanza kulegea, maziwa yakawa hayashuki tumboni, mara anasahau kupumua mpaka aguswe. Daktari kasema ni maambukizi kwenye damu, wamemwanzishia sindano za antibayotiki.

Sasa dada yangu kashuka Kange na basi la kutoka Dar, kabeba chupa mbili za matone kutoka Kariakoo, moja ya zinki na moja ya madini ya chuma. Anasema huko njiti wote wanapewa, yanapandisha kinga na yanaua maambukizi. Muuguzi wa zamu kayakataa, tena kwa ukali, kasema hayana kazi pale, akaondoka. Mama yangu yuko upande wa dada. Mke wangu analia tu.

Maswali yangu: haya madini yanatibu maambukizi ya njiti au hayatibu? Na kama hayana kazi, mbona mama wa kitanda cha pili anasema mwanawe alipewa matone ya chuma hapohapo wodini?

Mwenyeji_Raskazone

Pole sana mkuu, Mungu amponye mtoto. Ila mashangazi wa Kariakoo jamani, mkoba mmoja duka zima la dawa. Nakaa hapa nisubiri wataalamu.

SistaWaZamu

Kaka pole, na mama mtoto mfikishie pole zangu. Nimefanya kazi na vichanga miaka mingi, si hapo alipo mwanao, kwa hiyo juu ya matibabu yake mwenyewe sitagusa. Nitajibu la madini.

Kuna mambo mawili hapa na dada yako ameyafunga kitita kimoja. Lipo la madini kama chakula, na lipo la madini kama dawa ya maambukizi.

Kama chakula, njiti anayahitaji kweli, tena kuliko mtoto aliyetimiza miezi. Zinki, chuma, kalsiamu na fosforasi mtoto huvichukua kwa mama yake kwa wingi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Aliyetoka wiki ya 31 ameondoka ghala halijajaa, halafu anatakiwa akue haraka kuliko mtu yeyote mnayemjua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, linapendekeza madini ya chuma kwa njiti na watoto wa uzito mdogo wanaolishwa maziwa ya mama na wasioyapata kwingine. Kwa zinki limekuwa la tahadhari zaidi, limesema inaweza kufikiriwa. Hilo ndilo jibu la mama wa kitanda cha pili. Mwanawe inaelekea ameshavuka hatari, anakula, anaongezeka uzito, akaanzishiwa chuma kwa ajili ya damu. Kwa kawaida huanza kwenye wiki ya pili na kuendelea, si siku anapougua.

Kama dawa ya maambukizi, hapana. Bakteria walioingia kwenye damu wanauawa na antibayotiki, na mara nyingi tunaanza na ampisilini na jentamaisini. Hakuna tone la madini linalofanya kazi hiyo. Mtoto wa namna hii hali yake hubadilika kwa saa, hatuna muda wa kusubiri kinga ipande.

Na chuma hasa, siku za maambukizi, ndicho cha kuogopa. Bakteria wengi wanakitaka chuma ili wazaliane. Mwili unalijua hilo, ndiyo maana mtu akipata maambukizi, awe mtoto au mzee, ini linatoa homoni inayokifungia chuma ndani ya seli na kukizuia kupita utumboni. Hata dang'a ya mama ina protini inayokamata chuma na kuwanyima vijidudu. Mwili mzima umefunga milango, wewe unamimina kwa juu. New Zealand miaka ya 1970 walikuwa wakiwachoma vichanga wa asili ya visiwa vya Polinesia sindano za chuma ili wasipungukiwe damu. Maambukizi ya damu na ya uti wa mgongo yakaongezeka. Walipoacha sindano, yakashuka.

Huyo mwenzangu aliyewajibu kwa ukali angeweza kusema haya kwa dakika mbili. Kwa ukali simtetei. Kwa kukataa, alikuwa sahihi.

BabaNjiti_Makorora

Sista asante sana. Kwa chuma nimeelewa mpaka nimeogopa. Zinki je? Maana dada amekomalia zinki sasa, anasema zinki haina ubaya.

Asili_Muheza

Mkuu achana na maduka. Mwarobaini kidogo kwenye maji ya vuguvugu, mtoto apanguswe mwili na apewe tone moja ulimini. Bibi zetu walilea njiti bila chupa za Kariakoo.

SistaWaZamu

Asili, nakuheshimu, lakini hilo usilirudie mbele ya mtu mwenye njiti. Utumbo wa mtoto wa wiki 31 ni mwepesi mno, kitu chochote kisicho maziwa ya mama kinaweza kuuchubua na kufungulia vijidudu njia nyingine. Na bibi zetu walilea wale waliopona. Wengine walizikwa kimya kimya na hawakuhesabiwa.

Mchambua_Tafiti

Naomba niingie kwa heshima, maana kwa zinki sikubaliani na Sista alivyofunga mjadala kwa neno moja.

Zinki imejaribiwa kama nyongeza ya antibayotiki, si mbadala wake. Utafiti uliotia watu matumaini ulifanyika New Delhi, ukachapishwa 2012. Walichukuliwa watoto wapatao 700 wa umri wa siku 7 hadi 120 waliolazwa kwa kushukiwa maambukizi makali. Wote walipewa antibayotiki za kawaida. Nusu wakaongezewa zinki miligramu 10 kwa siku, nusu wakapewa kitu kinachofanana nayo kisicho na zinki. Walioshindwa kupona kwa dawa ya kwanza walikuwa asilimia 10 upande wa zinki na asilimia 17 upande wa pili. Tofauti hiyo si ndogo, hasa kwa kitu cha bei ya chini hivyo.

Sababu nazo zipo. Bila zinki ya kutosha seli za kinga hazikomai vizuri, na ukuta wa utumbo unalegea. Huyo njiti ghala lake, kama alivyosema Sista, halikujaa.

Kwa hiyo dada wa Kariakoo hajaota.

SistaWaZamu

Mchambua, New Delhi naijua. Malizia hadithi basi, usiishie pale panapopendeza.

Mchambua_Tafiti

Haha. Sawa Sista, nilikuwa naelekea huko.

Baada ya New Delhi ukaja utafiti mkubwa zaidi, India na Nepal, watoto zaidi ya 3,000 wa siku 3 hadi 59 wenye dalili za maambukizi makali, zinki kipimo kilekile. Swali lilikuwa zito zaidi, siyo nani dawa ilimkataa bali nani alikufa. Hapo zinki haikuonyesha kwamba inapunguza vifo. Kuna tafiti nyingine ndogo za India kwa vichanga wenye maambukizi ya damu, dozi zikitofautiana, nazo majibu yake hayalingani, huku inasaidia, kule hakuna kitu.

Pia tuseme ukweli, mtoto wa New Delhi wa miezi mitatu si njiti wa kilo 1.4 anayelishwa kwa mrija. Kuhamisha jibu la yule kwa huyu ni kubahatisha.

Njiti wenyewe walijaribiwa Italia, matokeo yakatoka 2013. Wale wa chini ya kilo 1.5 walipewa zinki nyingi kidogo kuanzia wiki ya kwanza, na waliopata ugonjwa wa utumbo kuoza pamoja na waliofariki walikuwa pungufu. Ila angalieni, hiyo ilikuwa kinga kwa watoto waliokuwa wanakula, ndani ya wodi yenye vipimo vyote. Haikuwa tiba ya aliyekwisha kuugua. Kwa maneno mengine hata matokeo mazuri kuliko yote yanarudi kwenye ule upande wa chakula alioanza nao Sista.

Kitu kimoja ambacho hata madaktari wengine hukisahau ni kwamba mtoto akiwa na maambukizi, zinki kwenye damu hushuka kwa sababu mwili unaihamishia kwenye ini. Ukipima siku hiyo ukakuta iko chini, usikimbilie kusema ana upungufu. Huenda ni ugonjwa tu unaonekana kwenye kipimo.

Bint_Pangani

Na hii seleniamu wanayoitangaza mitandaoni? Shemeji yangu ana njiti Dar kaambiwa anunue.

Mchambua_Tafiti

Seleniamu ilipunguza matukio ya maambukizi kwa njiti, ila vifo haikupunguza. Na sehemu kubwa ya ushahidi huo ilitoka New Zealand tena, nchi ambayo udongo wake una seleniamu kidogo sana, kwa hiyo watu wake wanaanza wakiwa nayo chini. Huwezi kuichukua hivyohivyo ukaileta pwani yetu. Shemeji yako hela hiyo ale samaki, anyonyeshe. Samaki wana seleniamu.

DukaLaDawa_Ngamiani

Nimesoma kimya sasa naona niseme la dukani, maana kinachonitisha mimi ni dozi.

Watu wanakuja barabara ya 12 wanaomba "zinki ya mtoto". Tuliyonayo karibu maduka yote ya dawa muhimu ni kidonge cha kuyeyusha cha miligramu 20, cha kuharisha. Mtoto wa chini ya miezi sita mwenye kuharisha anapewa nusu, yaani miligramu 10 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Hiyo ni ya mtoto aliyekomaa.

Wanaolisha njiti huko Ulaya wanahesabu miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo kwa siku, tena humo ni pamoja na ile iliyomo kwenye maziwa. Kilo 1.4 ni kama miligramu 3 hadi 4 kwa siku nzima. Mtu akiyeyusha kidonge kizima akamnywesha, amempa mara tano. Zinki ikizidi kwa muda inazuia shaba isifyonzwe, na shaba ikipungua damu inapungua na chembe nyeupe zinashuka. Ulitaka kupandisha kinga, umeishusha.

Matone ya chupa nayo, soma kibandiko. Nimeona chupa imeandikwa miligramu kwa mililita 5, nyingine kwa mililita 1, mtu anatumia kifuniko kilekile kupimia zote. Kwa mtoto wa ukubwa huu tofauti hiyo ni kubwa mno.

Mwenyeji_Raskazone

Kumbe "haina ubaya" ina hesabu yake.

Mzee_Mkinga

Wanangu, mimi si mtu wa dawa, ila hili la chuma mbona tulishaliona hapa kwetu? Pemba hapo mbele yetu tu, palikuwa na utafiti watoto wadogo wanapewa chuma, ukasimamishwa. Nakumbuka maneno yalivuka bahari kwa majahazi.

Mchambua_Tafiti

Mzee shikamoo, kumbukumbu yako iko vizuri. Ulihusisha zaidi ya watoto 20,000 Pemba, wa mwezi 1 hadi 35, wakipewa chuma na folik asidi, wengine pamoja na zinki. Upande wa chuma ulisimamishwa 2003 kabla ya muda wake kwa sababu waliopewa chuma walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao, na matokeo yakachapishwa 2006. Malaria ilikuwa imejaa kisiwani wakati ule. Wale waliopimwa wakakutwa kweli wana upungufu wa chuma, na malaria yao ikitibiwa mapema, chuma kiliwasaidia.

Hao hawakuwa njiti wa wodini, tusichanganye. Ila utafiti huo ulibadilisha ushauri wa chuma duniani kote kwa nchi zenye malaria, na ulifanyika hapa pwani yetu, halafu bado tunauziana chuma mkononi kama karanga.

Mzee_Mkinga

Marahaba. Basi nimeongea la maana.

Bint_Pangani

Sista, la mwisho kwangu. Mtoto wa jirani alipata degedege wodini wakamchoma kalsiamu. Hiyo nayo ni madini, mbona hiyo wanachoma akiwa na maambukizi?

SistaWaZamu

Swali zuri sana dada. Kalsiamu ile ni ya kurekebisha iliyoshuka kwenye damu, na ikishuka sana kichanga anashikwa na degedege kweli. Inachomwa taratibu kwenye mshipa huku moyo ukisikilizwa. Hapo inatibu upungufu, haitibu vijidudu.

Tena ndiyo inayonifanya niseme kwa sauti kubwa kwamba msilete vitu vya nje bila kusema. Kuna antibayotiki inaitwa seftriaksoni, maarufu sana, hata zahanati zinayo. Kwa kichanga wa chini ya siku 28, seftriaksoni na dripu yoyote yenye kalsiamu haviwekwi pamoja, hata ile Ringa tunayoizoea. Vikikutana vinaganda kuwa chembe ngumu, na chembe hizo zimekutwa kwenye mapafu na figo za vichanga waliofariki. Halafu dawa hiyohiyo inaweza kuzidisha madhara ya manjano kwa njiti. Sisi tunaoshika sindano tunapaswa kujua kila kinachoingia kwa mtoto, kiwe cha mshipa au cha mdomo.

MamaKangaruu

Baba Njiti, mimi mwanangu alizaliwa na kilo 1.2, sasa yuko darasa la pili anatukana watu. Nimesoma uzi wote mnaongelea chupa, hakuna aliyetaja kifua.

Uliza kama hali yake inaruhusu awekwe kangaruu, yaani ngozi kwa ngozi kifuani. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2021, nchi tano na Tanzania imo, wa vichanga wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwanza, vifo vyao vilipungua kwa robo wakilinganishwa na waliosubirishwa. Na walioshukiwa kupata maambukizi ya damu walikuwa pungufu vilevile. Mwanao wa 1.4 yuko humohumo. Na wewe baba una kifua, usimwachie mama peke yake usiku mzima. Mpigie dada yako naye aje zamu, kama kweli anataka kusaidia.

SistaWaZamu

Mama Kangaruu umenikumbusha, asante. Akiwa anasahau kupumua mara kwa mara watataka kwanza waone anaenda vipi, kwa hiyo muulize daktari, usimtoe tu kwenye kitanda cha joto. Nyingine ni mikono. Kila anayemgusa aoshe mpaka kwenye kiwiko, pete na saa zibaki nje. Mama aendelee kukamua hata kama leo mtoto hapokei, maana maziwa yakikauka yatakuwa tatizo la pili. Maziwa ya mwanzo ndiyo yenye zinki nyingi kuliko ya wiki za mbele, kwa hiyo hiyo zinki anayoitaka shangazi inatoka kwa mama.

Na ile protini ya kukamata chuma niliyoitaja, watu walijaribu kuitoa kwa ng'ombe na kuwapa njiti kama nyongeza. Uingereza, vichanga zaidi ya 2,200 waliozaliwa kabla ya wiki 32, matokeo 2019: maambukizi hayakupungua. Ya mama mwenyewe ndani ya maziwa yake bado ndiyo ya kutegemea.

BabaNjiti_Makorora

Wakuu nimerudi. Leo asubuhi nilisubiri raundi, nikamuuliza daktari kwa adabu kama mlivyonifundisha. Kanieleza vizuri mno, hata mama yangu alikuwepo akasikia kwa masikio yake.

Kasema damu imepelekwa maabara kuoteshwa ili wajue ni kijidudu gani, na dawa inaweza kubadilishwa kulingana na jibu. Chuma hakigusi sasa, na kwa vile mtoto ameongezewa damu juzi, ameshapata chuma humo humo. Zinki kasema ataifikiria maziwa yakishafika kipimo kamili na tumbo likitulia, kwa dozi yake yeye na dawa ya hospitali. Kulegea kwa mtoto leo kumepungua kuliko jana, maziwa wameanza tena mililita chache. Kangaruu kasema tungoje mpaka kesho aone kupumua.

Dada kanuna ila kakubali zamu ya usiku. Anauliza hizo chupa mbili afanye nini, maana Kariakoo hawarudishi hela.

DukaLaDawa_Ngamiani

Alhamdulillah mkuu, tuko pamoja. Ya zinki iangalie tarehe na ilivyoandikwa, uende nayo kwa daktari siku akitaka kuianza, aamue mwenyewe. Ya chuma ndiyo uifunge vizuri na kuiweka juu kabisa. Una watoto wengine nyumbani? Matone haya yanawekewa ladha tamu. Mtoto wa miaka miwili akiinywa chupa ya chuma anatapika damu, ini linaharibika, ni dharura ya kukimbizwa hospitali hata kama anaonekana amepata nafuu saa chache baadaye.

BabaNjiti_Makorora

Yupo wa miaka mitatu, na chupa ziko juu ya friji. Nampigia mama azitoe sasa hivi.